Kwa mnaoanza kazi kwenye ndege za viongozi: anzeni na mizani

Wengi wanaopangiwa kazi kwenye ndege za serikali huja na hamu ya kujua nani anakaa kiti gani na chai yake anaipenda vipi. Hayo mtayajua wiki ya kwanza. Ninachowaomba mkijue kabla ya yote ni uzito, maana ugomvi mwingi wa kazi hii huanzia hapo.

Chukueni Gulfstream G550, jeti ndogo ya masafa marefu. Serikali ya Tanzania inayo tangu 2004, Uganda inayo, na Jeshi la Anga la Marekani linaiita C-37B. Israeli na Italia zimeijaza rada, ikawa jicho la angani, lakini bodi ni ileile. Kipeperushi cha kiwanda kinasema inakwenda kilomita 12,500 bila kutua. Mtu wa itifaki naye amekisoma. Anakuja ofisini na hesabu yake: Dar es Salaam hadi New York ni kama kilomita 12,400, basi Septemba tunakwenda Umoja wa Mataifa moja kwa moja. Na orodha aliyoshika ina watu 14.

Mwelezeni kwa upole, lakini kwa tarakimu. Ndege hii hairuhusiwi kupaa ikizidi takriban tani 41.3. Matangi yakijaa, mafuta peke yake ni tani 18.7. Bodi, injini, viti, jiko na marubani vinakula karibu zote zilizobaki, na kwa watu na mizigo inabaki nafasi ya kama kilo 800. Hao ni watu wanane na mabegi ya kiasi. Zile kilomita 12,500 zilipigiwa hesabu kwa abiria wanane, mwendo wa Mach 0.80 (asilimia 80 ya kasi ya sauti), anga isiyo na upepo. Ukielekea Marekani upepo wa juu unakupiga usoni. Kwa hiyo ukiwapakia wote 14 na masanduku yao, unapunguza mafuta na kutua njiani. Viti vipo, milango inafungwa, kila kitu kinaonekana sawa kwa macho, na ndiyo maana watu hawaamini.

Neno hilo lisemeni siku orodha inapoletwa. Mkilisubirisha hadi mkubwa yuko kwenye ngazi, mmeshamtwisha rubani mzigo usio wake. Nimeona maofisa wazuri, wenye hesabu sahihi kabisa mfukoni, wakinyamaza kwa sababu ya cheo cha aliye mbele yao. Sijawahi kumwona kiongozi aliyekasirikia tarakimu aliyoipata mapema. Wanaokasirika huwa ni wasaidizi.

Jambo la pili linawahusu marubani na mafundi. Tarehe 31 Mei 2014, Gulfstream G-IV ilishindwa kupaa Bedford, Massachusetts, ikapita mwisho wa njia ya kurukia, na watu wote saba wakafariki. Kufuli inayozuia usukani na mabawa ya mkia yasichezeshwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa haikuwa imefunguliwa. Kuzungusha usukani kabla ya kuondoka kungewaambia. Wachunguzi walipopekua kumbukumbu za ndege hiyo walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, ukaguzi huo ulifanywa kikamilifu mara mbili tu. Marubani wale hawakuwa wageni. Walikuwa wazoefu walioruka pamoja miaka mingi. Vikosi vya ndege za viongozi ni vidogo hivyohivyo, watu wawili watatu wanaojuana mno, na hakuna anayetaka kumsomea mwenzake orodha ya ukaguzi kama mwanafunzi. Someni. Kwa sauti.

Halafu vibali. Ndege ya serikali ikibeba kiongozi haipiti juu ya nchi ya watu kama ndege ya abiria. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, unaoongoza usafiri wa anga wa kimataifa, inazitoa ndege za serikali kwenye ruhusa za kawaida, nazo ni lazima ziombe idhini mahsusi, kwa kawaida kupitia ubalozi. Kuandika STS/HEAD, alama ya kwamba ndani yumo mkuu wa nchi, kwenye kisanduku cha 18 cha mpango wa safari kunakupa heshima ya waongoza ndege tu, hakufungui anga ya mtu. Julai 2013 Falcon 900 iliyombeba Rais Evo Morales wa Bolivia kutoka Moscow ilifungiwa anga katika nchi kadhaa za Ulaya, ikaishia Vienna, na rais akakaa uwanjani kwa zaidi ya saa 12. Kama rais aliye ndani hakuwafungulia njia, jina la waziri wako halitawafungulia.

Kwa hiyo ombeni kibali cha njia kuu na cha njia mbadala siku moja, kwa barua moja kila ubalozi, na namba ya kibali iandikwe kwenye karatasi aliyonayo rubani, si kwenye simu ya ofisa aliyelala. Na angalieni kalenda. Muscat na Riyadh ofisi hufungwa Ijumaa na Jumamosi, Abu Dhabi tangu 2022 hupumzika Jumamosi na Jumapili na Ijumaa hufanya kazi nusu siku, Ulaya mnaijua. Safari ya Jumapili inayopita Ghuba kwenda Ulaya, barua zake ziwe zimejibiwa Alhamisi mchana.