Nenda Kariakoo na DVD Zako Mwenyewe

Mwaka jana nilinunua draivu ya DVD ya nje pale Kariakoo, ya mtumba. Kijana aliyeniuzia hakuwa na neno baya. "Braza, mashine hii, lakini ngoja nikujaribishie roho itulie." Akaichomeka kwenye laptopu yake, akatia CD ya taarabu, ikaimba. Nikalipa, nikapanda mwendokasi mpaka Kimara nikijiona nimelamba dume. Kufika nyumbani nikatia DVD. Ikazunguka, ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Nikatia nyingine, hadithi ileile. Nikarudi kwenye CD: inaimba kama vile hakuna lililotokea.

Aibu yangu ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Watu wananiletea DVD za harusi, za sendofu, za kipaimara, za mazishi ya babu, niwahamishie kwenye flashi kwa sababu laptopu za siku hizi hazina pa kutia diski na ile deki ya sebuleni ilishakufa. Nilipaswa kukumbuka kwamba CD haiipimi DVD. Mwanga unaosoma CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780, wa DVD nanomita 650, na draivu nyingi zina leza mbili ndani, kila moja na kazi yake, hata kama zote zinapita kwenye lenzi moja. Moja ikifa, mwenzake anaendelea na maisha. Yule kijana hata hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemwachia achague mtihani.

Sasa hivi natembea na diski tatu kwenye begi: CD ya kiwandani, DVD ya kiwandani, na DVD niliyoibani mwenyewe mpaka ikajaa pomoni. Hiyo ya tatu ndiyo yenye kazi. Diski ya kiwandani imegandamizwa kwa muhuri na inarudisha mwanga vizuri. Ya kubani ni rangi iliyochomwa na leza, mwanga unaorudi ni hafifu, ndiyo maana draivu iliyochoka inaweza kusoma ya kiwandani ikaikataa ya kubani. Na ni lazima iwe imejaa, kwa sababu diski hizi zinasomwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukitia DVD yenye faili mbili tatu unajaribu ukanda wa ndani tu, ambako karibu kila draivu inajifanya nzima. Ukingoni ndiko diski inakoyumba, ndiko vidole vinakoshika, ndiko harusi za watu zinakogandia wakati wa kukata keki.

Halafu kuna ile namba ya usoni. Mteja anaona 52X na 16X kwenye kifuniko kimoja, anadhani 52 ndiyo kasi kubwa. Sivyo. Kasi moja (1X) ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, kasi moja ya DVD ni kilobaiti 1,385, kwa hiyo 52X ya CD haifiki hata megabaiti 8 kwa sekunde, wakati 16X ya DVD ni kama 22. Tena hiyo 16X utaiona mwisho wa diski tu. Mota inazunguka kwa mwendo uleule, lakini duara la nje ni refu kuliko la ndani, hivyo data nyingi zaidi zinapita mbele ya lenzi kwa mzunguko mmoja. Mwanzoni mwa diski draivu hiyohiyo haivuki 7X. Ukiona megabaiti 9 dakika ya kwanza, usianze kumtafuta muuzaji.

Kupima kwenyewe mimi natumia saa ya simu. Nachukua DVD iliyojaa, nakopi yote kwenda kwenye hard disk ya kompyuta. Draivu kubwa ya 16X inamaliza kwa kama dakika 5. Nyembamba za laptopu na za nje, ambazo nyingi ni 8X, zinachukua dakika 9 au 10. Ikizidi kidogo nasamehe. Ikifika 25, hapo kuna mgonjwa.

Ila saa inadanganya usipokuwa makini, na mimi imenidanganya mara nyingi tu. Ukikopi moja kwa moja kwenda kwenye flashi ya bei chee, unachopima ni flashi. Ukikopi faili zilezile mara ya pili bila kutoa diski, kompyuta inaweza kukupa zilizobaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, ukashangaa draivu imepona ghafla. Na usitumie filamu ya kununua. Draivu nyingi zimetengenezwa zipunguze mwendo zikiona filamu, zisije zikavuma kuliko sinema yenyewe.

Kama una muda, programu ya Nero DiscSpeed inachora mstari wa kasi kutoka ndani hadi nje. Mstari mzuri unapanda taratibu mpaka mwisho. Ukiona umechanika meno, unashuka na kupanda, draivu inarudia kusoma sehemu zilezile. Wa Linux wao wanaandika dd if=/dev/sr0 of=/dev/null bs=1M status=progress, amri inayosoma diski nzima bila kuihifadhi popote, wanaangalia namba zinavyokwenda huku wakinywa chai.

Sasa nani mwenye kosa? Hapa ndipo mafundi wengi tunapokula hela za watu bure. Kabla ya kuilaumu draivu, tia diski nyingine. Kabla ya kuilaumu diski, ijaribu kwenye draivu nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwa hizi za nje, mshukiwa wangu wa kwanza ni umeme: tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500, na mota inapoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi. Dalili yake ni draivu inayolia tik, inazima, inawaka tena. Hamia tundu la nyuma ya kompyuta, tumia waya mfupi, au ule wenye vichwa viwili. Nimeshaona draivu mbili zilizotupwa kwa kosa hilo, moja nikaiokota na ninayo mpaka leo.

Kuna stationari moja Manzese bado wana kompyuta ya Windows XP kwa ajili ya printa ya zamani. DVD moja ilikuwa inachukua karibu saa nzima na mausi inaganda. Walishabadilisha draivu. Kumbe XP, ikipata makosa sita ya kuhamisha data, inaishusha njia ya mawasiliano kutoka DMA (data inakwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu) kwenda PIO (prosesa inaibeba yenyewe kipande kwa kipande) na hairudishi yenyewe. Nikaingia Device Manager, nikaifuta ile chaneli ya IDE inayounganisha draivu na kompyuta, nikawasha upya. Kazi ya dakika tatu. Nililipwa soda.

Na vumbi. Dar hii ya vumbi na unyevu wa bahari, lenzi inapata ukungu wa uchafu usiouona. Kwenye draivu nyembamba lenzi iko juu ya trei, unaifikia kwa pamba ya masikio na tone la spiriti, kwa mkono mwepesi kama unamfuta mtoto jicho. Diski yenyewe ifute kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata njia ya data unaharibu zaidi kuliko unaoikata.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mbagala alileta DVD ya harusi ya binti yake ya mwaka 2009. "Mwanangu, fundi wa kwanza kaniambia imeoza." Nikamwambia shikamoo kwanza, tukacheka. Kwenye draivu yangu kubwa ilikwama baada ya gigabaiti tatu na kidogo. Nikaifuta, ikakwama palepale. Nikaitia kwenye ile niliyoiokota, nikalazimisha isome kwa mwendo mdogo, ikatambaa dakika 40 ikafika mwisho. Zilipotea kama sekunde mbili za mjomba mmoja akitoa nasaha, na mama akasema hizo hazina shida.

Kila draivu yangu nimeibandika plasta, juu yake nimeandika kwa kalamu: tarehe, diski ileile ya kupimia, na dakika. Ile ya kuokota inasema 10, kisha 10, kisha 13. Kesho naisafisha lenzi. Ile ya Kariakoo plasta yake imeandikwa "CD tu", na nyumbani wanaitumia kusikiliza taarabu.