Ramani ya kwanza ya Doom: vipimo, milango na risasi kabla ya mapambo

Doom, gemu ya kompyuta ya kupambana na maadui kwa risasi, ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, na mpaka leo mashabiki wanaendelea kuitengenezea ramani mpya. Sababu kubwa ni ya kiufundi. Id Software waliweka picha, sauti na ramani zote katika faili ya WAD, mbali na programu inayoendesha gemu, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza faili yake pembeni bila kugusa ya asili. Mapema 1994 tayari kulikuwa na programu ya kuchorea ramani, DEU, iliyotengenezwa na mashabiki wenyewe. Mwaka 1997 msimbo wa gemu ukaachiwa, na 1999 ukawekwa chini ya leseni huru ya GPL. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kazi za mashabiki zilikuwa zimeshanunuliwa na kuuzwa dukani kwa jina la Final Doom.

Ukitaka kujiunga na kazi hii, jambo la kwanza ni kuchagua fomati, yaani kanuni ambazo ramani yako itafuata. Wanaoanza huruka hatua hii, kisha baadaye wanalazimika kuchora upya.

Kuna fomati nne za kuzifahamu. Ya asili, wanayoiita vanila, ina mipaka ya mwaka 1993: vipande vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa wakati mmoja visizidi 128, na vikizidi gemu inajifunga yenyewe. Boom ilikuja 1998, ikaondoa mipaka hiyo na kuongeza aina nyingi za milango, lifti na sakafu zinazosogea. MBF21 ya mwaka 2021 inajenga juu ya Boom. UDMF inaruhusu karibu kila kitu, lakini kwa kawaida inakufunga kwenye injini (programu za kuendeshea gemu) za familia ya GZDoom. MyHouse.wad ya mwaka 2023, ile nyumba inayobadilika kila ukirudi mlangoni, isingewezekana bila GZDoom, ndiyo maana wengi walioiona wanataka kuanzia huko huko. Ushauri wetu ni Boom. Tarehe 8 Agosti 2024 Doom na Doom II zilitolewa upya kwa pamoja, na toleo hilo linaelewa Boom na MBF21 na lina sehemu ya kupakua ramani za mashabiki ndani ya gemu. Ramani ya Boom inachezeka kwenye DSDA-Doom, Woof, GZDoom na kwenye toleo hilo jipya, hata la PlayStation na Switch. Tena Oktoba 2025 baadhi ya watengenezaji wa GZDoom walijitenga na kuanzisha UZDoom. Aliyechora kwa Boom hakuhitaji kujua nani yuko upande gani.

Vifaa ni vichache. Kihariri, yaani programu ya kuchorea ramani, kwenye Windows kiwe Ultimate Doom Builder. Kwenye Linux au kompyuta dhaifu, Eureka inatosha. Ongeza SLADE kwa kufungua na kupanga vilivyomo ndani ya WAD, na DSDA-Doom kwa kujaribia. Utahitaji pia faili ya gemu yenyewe, DOOM2.WAD. Kama hujainunua, usitafute nakala ya wizi: pakua Freedoom, mradi wa bure ulioanza 2001, na utumie freedoom2.wad. Ramani ya Doom II itafunguka humo, ila maadui na kuta vitakuwa na sura tofauti. Ramani moja ndogo huwa na kilobaiti chache tu, kwa hiyo kuituma kwa wajaribu hakuli bando.

Sasa vipimo, na hapa tutakaa kidogo. Doom hupima kwa yuniti. Mchezaji ana upana wa yuniti 32 na urefu wa 56, na hupanda ngazi isiyozidi 24 kwa hatua moja. Ukiweka ngazi ya 25, huo ni ukuta. Korido ya upana wa 32 kwenye karatasi inamtosha, lakini kwenye mchezo atakwama na kujigonga, kwa hiyo chini ya 64 usishuke, na sehemu ya kupigania iwe 128 au zaidi. Dari ya 128 inafaa vyumba vya kawaida, kwa kuwa picha nyingi za kuta zina urefu huo huo na hazitakatika.

Maadui nao wana miili. Imp ana upana wa 40, Demon 60, Mancubus 96, Arachnotron 128, na Spider Mastermind 256. Mlango wa 64 hautapitisha Mancubus hata siku moja. Atabaki chumbani kwake akirusha moto, na mchezaji ataona kasoro, si mtego. Vilevile ukiweka adui karibu mno na ukuta, au wawili wakapandana, hawatasogea kabisa. Kwenye kihariri wanaonekana wako sawa, ukicheza wamesimama kama sanamu. Jambo jingine: adui wa kutembea hashuki mahali panapozidi yuniti 24. Ukimweka juu ya jukwaa lenye kimo cha 32, huko ndiko atakakoishi. Wanaoruka, kama Cacodemon, hawana kizuizi hicho.

Weka gridi kwenye 64 mwanzoni, kisha ishushe hadi 32 au 16 kwa vitu vidogo. Picha za sakafu ni 64 kwa 64 na hukaa kwenye gridi ya ramani nzima bila kufuata umbo la chumba chako. Kigae cha kusafirishia mchezaji kikichorwa nje ya mistari ya 64, picha yake itakatwa katikati.

Chora vyumba viwili, kimoja cha 512 kwa 512 na kingine kidogo kuliko hicho, viunganishe kwa mlango, uweke mahali pa mchezaji kuanzia, basi. Bila mahali pa kuanzia gemu haitafungua ramani. Mlango ndio unaowatoa jasho wengi. Chora mstatili wa upana wa 128 na unene wa 16 katikati ya vyumba, uwe sekta (eneo lenye sakafu na dari yake) peke yake, kisha shusha dari yake mpaka ilingane na sakafu. Mistari miwili inayotazama vyumba ipe kitendo namba 1 na picha ya juu BIGDOOR2. Pande mbili za ndani, zile fupi, zipe DOORTRAK na uwashe alama ya Lower Unpegged. Usipoiwasha, miimo ya mlango itapanda pamoja na mlango wenyewe, na hiyo ni dalili ya kwanza ya ramani ya mwanafunzi.

Mlango ukikataa kufunguka, tazama kimshale kidogo katikati ya mstari. Upande wa mbele lazima utazame nje, kuelekea chumba, kwa sababu kitendo hiki hufungua sekta iliyo nyuma ya mstari. Chagua mstari, bonyeza F, umegeuka. Milango ya funguo hutumia 26 kwa buluu, 27 kwa njano na 28 kwa nyekundu, na kanuni ni ile ile. Mstari wa kumalizia ramani ni 11 kama ni swichi, au 52 kama mchezaji anapita juu yake.

Lifti hutumia 62, lakini hapo unahitaji tagi: namba moja iandikwe kwenye mstari na kwenye sekta ya lifti. Ukisahau ukaacha sifuri, kwenye Boom hakitatokea kitu, na kwenye vanila sakafu zote zisizo na tagi zinaweza kuanza kushuka. Hakikisha lifti inaitika kutoka chini na kutoka juu. Aliyeshuka akaifuata silaha, lifti ikapanda, naye hana swichi ya kuiita, ramani imekwisha kwake hapo. Shimo ni hivyo hivyo: kila shimo lenye kina cha zaidi ya 24 liwe na njia ya kutoka, au liwe na sakafu ya kuumiza, sekta namba 16, ili amalizike haraka aanze upya. Kumwacha mtu shimoni akizunguka bila kufa ni ukatili usio na faida.

Ukiona sehemu ya ukuta inachezacheza na kuacha vivuli vya picha zilizopita, ujue kuna mstari uliokosa picha ya juu au ya chini, hasa kwenye ngazi. Rudi kwenye kihariri, bonyeza F4 uendeshe uchunguzi wa ramani. Utaonyeshwa mistari hiyo, sekta zisizofungwa, na vitu vilivyokwama. Fanya hivyo kila mara kabla ya kumtumia mtu faili.

Sauti wengi hawaifikirii kabisa. Mchezaji akifyatua, mlio husambaa kutoka sekta hadi sekta kupitia kila uwazi, na adui yeyote ukimfikia huamka. Mlango uliofungwa huuzuia. Ukiwa na uwanja mmoja mkubwa wenye vyumba vilivyo wazi pembeni, risasi ya kwanza itaamsha ramani nzima, na utashangaa mbona chumba ulichokipanga kwa makini ni kitupu. Kuna alama ya mstari inayozuia sauti, lakini mmoja hautoshi: mlio hupita mstari wa kwanza na kusimama kwenye wa pili. Weka miwili, mmoja baada ya mwingine.

Risasi zipigiwe hesabu, zisikisiwe. Bunduki ya shotigani hutoa vipande 7, kila kimoja kikiumiza kwa wastani wa pointi 10, yaani 70 kwa mfyatuo mmoja. Chukua ramani yenye Imp 10 wenye uhai wa 60 kila mmoja, askari wa shotigani 5 wa 30, Demon 3 wa 150 na Hell Knight mmoja wa 500. Jumla ni 1,700, sawa na mifyatuo 24 hivi kama hakosi hata mmoja. Atakosa. Zidisha kwa moja na nusu upate kama 36. Askari 5 wakifa huangusha shotigani zenye risasi 4 kila moja, jumla 20. Shotigani unayoweka mwenyewe chini ina 8. Ongeza pakiti mbili za 4, umefika 36. Risasi 50 za bastola anazoanza nazo ziwe akiba ya wasiolenga vizuri. Ukigawa mafuriko ya risasi, hakuna atakayekimbia wala kufikiri, na ramani inageuka kuwa kazi ya kufagia.

Ramani yako lazima imalizike kwa anayeanza na bastola tu, hata kama ni ya 5 katika mfululizo, maana akifa injini nyingi humrudisha hivyo. Pia kila kitu kina alama za ugumu: rahisi, wastani, mgumu. Kihariri huziwasha zote, kwa hiyo usipozigusa anayechagua ngazi rahisi atakutana na maadui wale wale. Ondoa karibu theluthi ya maadui kwenye rahisi na uongeze vifurushi vya dawa. Ni kazi ya dakika kumi.

F9 hufungua ramani moja kwa moja kutoka kwenye kihariri, ila kabla ya kutoa, ijaribu kwa amri kamili: dsda-doom -iwad doom2.wad -file ramani.wad -warp 1 -skill 4 -complevel 9. Namba 9 ni Boom. Usipoitaja unaweza kujaribu kwa kanuni za fomati nyingine, mlango ukafunguka kwako na kukataa kwa wengine. Ili wachezaji wasihangaike na namba hiyo, fungua WAD kwenye SLADE, ongeza kipande kipya kiitwacho COMPLVL, uandike ndani neno boom kwa herufi ndogo. DSDA-Doom na Woof hukisoma zenyewe. Muziki nao ni hivyo: faili ya MIDI ukiipa jina D_RUNNIN itachukua nafasi ya wimbo wa ramani ya kwanza. Iwe ya kwako, au ya mtu aliyekuruhusu.

Unapotoa, weka faili mbili ndani ya zip: WAD na maelezo ya txt, zote kwa jina moja lisilozidi herufi nane, kama ilivyo desturi tangu enzi za DOS. Katika maelezo taja fomati, injini uliyojaribia, gemu inayohitajika, idadi ya ramani, kama ngazi za ugumu zimewekwa, na nani alitengeneza picha au muziki ulioazima. Usiweke DOOM2.WAD humo ndani; ni mali ya wenyewe na hifadhi yoyote ya maana itaikataa. Watakaotambuliwa kwenye Cacowards, tuzo zinazotangazwa kila Desemba tarehe ya kuzaliwa kwa Doom, ni wachache, na kwa ramani ya kwanza hilo si la kuwaza.

Kwa wajaribu, usiombe maoni ya maneno tu. Waombe waongeze -record na jina la faili kwenye amri, wakutumie faili ya LMP inayotokea. Ni ndogo sana, na ukiichezesha kwa -playdemo utaona kila hatua yao: wapi walizunguka wakitafuta mlango, wapi waliishiwa risasi, swichi ipi waliipita bila kuiona. Rekodi hiyo haihifadhi picha, huhifadhi vitufe walivyobonyeza, hivyo ukisogeza hata adui mmoja kwenye ramani yako itaharibika na mchezaji ataonekana akigonga ukuta. Kila toleo unalotuma lipe namba yake, ramani1a, ramani1b, na nakala ya zamani usiifute mpaka rekodi zake zote uwe umeshazitazama.