Maswali ya wasomaji: hisabati na takwimu chuo kikuu, na kazi zinazofuata

Toleo hili tumelitengea barua za wanafunzi na wazazi kuhusu hisabati na takwimu katika chuo kikuu. Barua zinazofanana tumezijibu pamoja.

Namaliza sekondari mwaka huu, na hesabu ndilo somo nilipendalo kuliko yote. Katika orodha za kozi naona Hisabati, Takwimu, na Hisabati na Takwimu. Zinatofautianaje, na nichague ipi?

Mwaka wa kwanza hutaona tofauti kubwa. Kwa kawaida wote huanza na kalkulasi, aljebra ya vekta na matriksi, nadharia ya uwezekano, na namna ya kuandika uthibitisho. Njia huanza kuachana mwaka wa pili. Wa hisabati anaingia kwenye uchambuzi wa namba halisi, aljebra dhahania, na milinganyo inayoeleza vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Wa takwimu anaingia kwenye ukadiriaji, upimaji wa nadharia tete (dhana inayopimwa kwa data), rigresheni (kueleza jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine), upangaji wa majaribio na uchukuaji wa sampuli.

Tofauti yenyewe hasa iko kwenye swali linaloulizwa. Mwanahisabati hupewa masharti, akauliza ni nini lazima kifuate. Mwanatakwimu hupewa matokeo, akauliza ni hali gani ingeweza kuyazaa, na yeye mwenyewe anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani. Tuseme umewahoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu, na nusu yao wakaunga mkono jambo fulani. Jibu la mwanatakwimu si asilimia 50 tu. Ni asilimia 50, ongeza au punguza 3 hivi, kwa njia ambayo hulenga sawasawa mara 95 katika kila 100. Na ukitaka kosa hilo lipungue hadi nusu, watu 2,000 hawatoshi. Unahitaji 4,000, kwa kuwa kosa hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa.

Lakini wingi hauponyi sampuli mbovu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni milioni 10 hivi, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, watu waliokuwa na uwezo kuliko wapiga kura wa kawaida, na waliojibu nao hawakufanana na wale walionyamaza. Somo la uchukuaji wa sampuli lipo kwa sababu ya makosa ya namna hii.

Ushauri wetu: kama huna hakika, chukua kozi ya pamoja, kwani inakupa muda wa kuamua baadaye. Kabla ya kujaza fomu, soma orodha ya masomo yenyewe, si jina la shahada. Tazama kama uwezekano na nadharia ya takwimu vinafundishwa kwa angalau mwaka mzima, kama matriksi zimepewa nafasi ya kutosha, kama kuandika programu kunatahiniwa, na kama mwaka wa mwisho kuna mradi wenye data halisi. Kozi ya takwimu isiyodai kalkulasi wala matriksi inakufundisha kubofya vitufe. Siku programu itakapotoa jibu la ajabu, hutajua kama shida ni ya data, ya mbinu au yako.

Niko mwaka wa kwanza. Sekondari nilikuwa naongoza, sasa nafeli uchambuzi wa namba halisi. Nakariri uthibitisho wote wa darasani lakini swali jipya likija nakwama.

Umeshalitaja tatizo mwenyewe: unakariri. Sekondari ulipimwa kwa kupata jibu, hapa unapimwa kwa kueleza kwa nini jibu haliwezi kuwa jingine. Hiyo ni kazi mpya kabisa, na karibu kila mtu hujikwaa anapoianza. Usijihesabu kwamba huna akili ya hesabu.

Tuchukue swali dogo tulione kwa karibu. Thibitisha kwamba 2x + 1 hukaribia 7 pale x inapokaribia 3. Mtu anakuja na kiasi cha kosa atakachovumilia, tuseme 0.01, nawe umwambie x ikae karibu na 3 kiasi gani ili kosa lisizidi hapo. Kwenye karatasi ya rasimu, umbali kati ya 2x + 1 na 7 ni |2x − 6|, yaani 2|x − 3|. Kumbe x ikiwa ndani ya 0.005 kutoka 3, umemaliza. Kesho atakuja na 0.0001, keshokutwa na kitu kidogo zaidi, kwa hiyo jibu lazima liwe la jumla: akitaja kosa lolote, tuliite ε (epsiloni), wewe chagua umbali wa x kutoka 3, tuuite δ (delta), uwe δ = ε/2.

Kisha unaandika nakala safi, na hapo mpangilio unageuka: "Chukua ε yoyote kubwa kuliko 0. Weka δ = ε/2. Ikiwa |x − 3| < δ, basi |2x + 1 − 7| = 2|x − 3| < 2δ = ε." Wengi hupoteza alama kwa kunakili karatasi ya rasimu jinsi ilivyo, wakianza na kile wanachotakiwa kufikia. Wengine huchagua δ kabla ε haijatajwa. Kosa la tatu huja kwenye maswali kama x² kukaribia 9. Hapo |x² − 9| = |x − 3||x + 3|, na mwanafunzi anaandika δ = ε/|x + 3|, akisahau kwamba δ hairuhusiwi kutegemea x. Dawa yake ni kumfunga x kwanza: asitoke nje ya 1 kutoka 3, ndipo |x + 3| inabaki chini ya 7, na δ inakuwa ile iliyo ndogo kati ya 1 na ε/7.

Ukisoma uthibitisho wa mwalimu, usipite mstari kabla hujajua ni sharti gani limetumika pale. Kisha liondoe sharti hilo, utafute mfano unaovunja kauli. Mfano ukipatikana, umeelewa sharti lilikuwa linafanya kazi gani. Baada ya siku mbili funga daftari, uandike uthibitisho upya kwa maneno yako. Kwa kila saa ya darasani tenga saa mbili za namna hii, na zoezi la wiki lianze siku ile ile linapotolewa, hata kwa nusu saa tu. Swali la uthibitisho linahitaji kulaliwa. Ukilianza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, hutalipa nafasi hiyo.

Huwa nakosea kujumlisha na kuzidisha kichwani. Je, niachane na hisabati?

Hapana. Kuanzia mwaka wa pili kurasa zako zitakuwa na herufi nyingi kuliko tarakimu. Kinachohitajika ni subira ya kukagua mstari kwa mstari.

Binti yangu anataka kusoma hisabati na takwimu. Namheshimu, ila nahofia: atafanya kazi gani zaidi ya ualimu?

Mzazi wetu, hofu yako inaeleweka, kwa sababu matangazo ya kazi ni nadra kuandika "anatafutwa mwanahisabati". Kazi zenyewe zimejificha chini ya majina mengine: mchambuzi wa data, mtaalamu wa vihatarishi vya benki, mtakwimu wa tiba, mpangaji wa usafirishaji. Ualimu nao tusiudharau, maana bila mwalimu mzuri wa hesabu hakuna hata mmoja wa hao wengine.

Njia iliyonyooka zaidi ni hesabu za bima, yaani kazi ya aktuari, anayekadiria leo fedha zitakazohitajika miaka 30 au 40 ijayo kulipa pensheni na fidia. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa aktuari. Kuna mitihani ya kitaaluma inayochukua miaka kadhaa, kwa kawaida huku mtu ameshaajiriwa. Katika Society of Actuaries ya Marekani, mtihani wa uwezekano, uitwao P, una maswali 30 ya kuchagua kwa saa 3. Kipimo wanachotumia watahiniwa wengi ni saa 100 za maandalizi kwa kila saa ya mtihani, kwa hiyo saa 300. Binti anaweza kuufanya akiwa bado chuoni, mara tu baada ya somo la uwezekano, wakati hesabu bado ziko moto kichwani. Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza husamehe baadhi ya mitihani kwa waliosoma kozi ilizozikubali. Ulizeni hilo kabla ya kujiandikisha, kwani msamaha mmoja huokoa miezi ya kusoma.

Kwenye tiba, mtakwimu anaanza kazi kabla mgonjwa wa kwanza hajapewa dawa. Tuseme dawa ya zamani huponya asilimia 50, na mpya inatarajiwa kuponya 60. Ili jaribio liwe na nafasi 80 katika 100 ya kuiona tofauti hiyo, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 (nafasi 5 katika 100 ya kuona tofauti isiyokuwepo), wanahitajika watu takriban 390 katika kila kundi. Wakiwekwa 50 kwa 50, dawa nzuri inaweza kutupwa kwa kudhaniwa haifai, na wagonjwa watakuwa wamejitolea bure. Ndiyo maana tunasema hesabu hii ni suala la utu pia.

Viwanda navyo vina historia yake. Kipimo cha t, cha kulinganisha wastani, ambacho kila mwanafunzi wa takwimu hukifanya, kilitokana na William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akihangaika na sampuli ndogo ndogo. Aliuchapisha utafiti huo mwaka 1908 kwa jina la "Student". Nazo namba tasa, zilizodhaniwa kwa karne nyingi kuwa burudani ya wataalamu, tangu Rivest, Shamir na Adleman walipobuni mfumo wa RSA wa kuficha ujumbe mwaka 1977 zimekuwa zikilinda siri zinazopita kwenye intaneti. Ofisi za takwimu za serikali, utabiri wa hali ya hewa na simu hatuna nafasi ya kuvieleza, ila vyote huajiri watu hawa.

Nijifunze R au Python? Na ni kweli kwamba bila programu sitapata kazi?

Ni kweli, au karibu na kweli. Zote mbili ni lugha za kuandikia programu. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, imetengenezwa na watakwimu kwa ajili ya takwimu. Python ina matumizi mapana zaidi. Zote ni bure. Chagua ile inayotumika chuoni kwako, uijue vizuri. Ya pili itakuja kwa urahisi. Usichoweza kukwepa ni SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa kuwa data za kazini hukaa kwenye hifadhidata. Jifunze kuchagua safu, kuunganisha majedwali na kujumlisha kwa makundi. Kila unapounganisha majedwali, hesabu mistari kabla na baada. Wateja 1,000 wakigeuka 1,400, kuna namba za utambulisho zilizojirudia, na kila jumla utakayopata hapo si ya kweli.

Halafu tazama data kabla ya kuipigia hesabu. Katika dodoso nyingi, umri usiojulikana huandikwa 999. Chukua watu 200: 194 wana wastani wa miaka 34, na 6 wameandikiwa 999. Programu, isipoambiwa, itakupa wastani wa miaka 62.95 bila kulalamika. Tafuta thamani kubwa kabisa na ndogo kabisa ya kila safu, kila mara.

Nina usaili wa kazi ya uchambuzi mwezi ujao. Huulizwa nini?

Mara nyingi utaombwa ueleze thamani ya p kwa mtu asiyejua takwimu. Usiseme ni uwezekano kwamba nadharia tete ni ya kweli. Ni uwezekano wa kupata matokeo yaliyo mbali namna hiyo au zaidi, endapo kusingekuwa na tofauti yoyote.

Swali jingine lipendwalo ni la wastani unaodanganya. Jizoeze na utafiti wa mawe ya figo uliochapishwa Uingereza mwaka 1986. Upasuaji wa wazi ulifaulu kwa wagonjwa 273 kati ya 350, asilimia 78. Njia ya tundu dogo ilifaulu kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Inaonekana tundu dogo limeshinda. Sasa gawanya kwa ukubwa wa mawe. Kwa mawe madogo, upasuaji ni 81 kati ya 87, asilimia 93, dhidi ya 234 kati ya 270, asilimia 87. Kwa makubwa, 192 kati ya 263, asilimia 73, dhidi ya 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji umeshinda pande zote mbili, ukashindwa kwenye jumla, kwa sababu ndio uliopewa mawe makubwa, yaliyo magumu kutibu. Anayekusaili hatajali sana kama umekumbuka tarakimu. Atasikiliza kama, kabla ya kutaja mshindi, umeuliza nani alipewa tiba ipi, na kwa nini.