Bei ya ardhi ya Kusini: nani amlipe mtafiti?

Katika safu iliyopita niliandika kwamba Mtwara na Lindi tunahitaji utafiti huru wa thamani ya ardhi na kodi zake, na kwamba tuanze kuuchangia wenyewe. Maswali yaliyonifikia ni haya.

*Shikamoo mzee. Kodi ya ardhi tunalipa, ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Utafiti wa nini tena, kama si kutuongezea mzigo? (Msomaji, Chikongola)*

Marahaba mwanangu. Hofu yako naielewa, lakini kodi hizo ni mbili tofauti. Ya pango la ardhi humhusu mwenye hati. Ya majengo ndiyo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, na ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iwe Shangani karibu na bahari au Mitengo. Sasa tazama kiwanja kilichoota majani kando ya lami, mwenyewe anangoja bei ipande. Hakina nyumba, hakina mita, LUKU haikioni. Aliyejibana akajenga ndiye anayekatwa. Je, ni haki? Mimi naona si haki, ila maoni yangu si ushahidi. Utafiti unaweza hata kuonyesha kwamba wewe unalipa kupita kiasi.

*Bei ya ardhi inapandishwa na nini, kama mwenyewe hajaigusa? (Mikindani)*

Hapa kwetu jibu tumelikanyaga kwa miguu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Kwa ajili yake ikajengwa reli, na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mradi ukafutwa 1951, bandari yenyewe ikiwa haijakamilika, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Ardhi ni ileile, udongo uleule, lakini thamani ilikuja na reli ikaondoka na reli. Gesi ilipovuma, madalali wakajaa Mtwara, na mwenye kiwanja hakuwa ameongeza hata kifusi.

Mmarekani Henry George aliandika mwaka 1879 kwamba ongezeko la namna hiyo limeletwa na jamii nzima, basi lirudi kwa jamii kwa njia ya kodi. Mwalimu Nyerere naye, mwaka 1958, alipopinga mpango wa wakoloni wa kuigeuza ardhi kuwa mali ya mtu binafsi ya kuuzwa, alishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na cha mtu ni jasho alilolimwaga juu yake. Tulivyolitafsiri wazo hilo ndipo penye kidonda: kwa miaka mingi fidia ilihesabu nyumba na mikorosho, ardhi tupu ikahesabiwa kuwa haina bei. Ni Sheria ya Ardhi ya 1999 iliyotamka wazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Ninyi mnaoishi jirani na maeneo ya miradi mnajua tofauti hiyo ina uzito gani siku mthamini anapofika na daftari lake.

*Anayelipa si ndiye anayechagua majibu? (Likong'o, Lindi)*

Ndugu yangu, hili ndilo swali lenyewe. New York, Marekani, ilianzishwa taasisi 1925 kwa fedha za urithi wa mchapaji Robert Schalkenbach. Mwenye viwanda wa Cleveland, John C. Lincoln, alianzisha ya kwake 1946. Zote zimefadhili kazi nyingi kuhusu kodi ya ardhi, lakini waanzilishi wote wawili walikuwa wafuasi wa Henry George. Kazi hizo zisomwe kwa kulijua hilo.

Nyumbani tunao mfano wa aina nyingine. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilianza kazi 1991, ikazunguka nchi kusikiliza wananchi. Ilipendekeza milki kuu ya ardhi, yaani haki ya mwisho ya umiliki, iondolewe mikononi mwa watawala. Serikali iliyoituma ililikataa pendekezo hilo, lakini haikuliandika upya. Ripoti ipo, inasomwa hadi leo. Hicho ndicho ninachokitaka: mfadhili awe na haki ya kukataa ushauri, asiwe na haki ya kuugusa. Iandikwe kwenye mkataba kabla ya senti kutoka, na matokeo yachapishwe hata yakimuudhi. Na mwekezaji ambaye eneo lake ndilo linalopimwa asichangie hata soda ya watafiti.

*Si umuulize tu dalali? (Mtanda)*

Muulize, lakini usiishie kwake. Bei inayoandikwa kwenye karatasi ya mauziano mara nyingi ni ndogo kuliko iliyolipwa. Mtafiti lazima amtafute muuzaji, mnunuzi na shahidi, kila mmoja peke yake. Hiyo ni miguu, nauli na siku. Tena kazi hii haifanywi mara moja tu, lazima irudiwe: Nairobi hutoza ardhi bila kuhesabu jengo, lakini kwa miongo kadhaa ilitumia daftari la thamani la 1982.

*AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, inaweza kuchangia? (Masasi)*

Inaweza, mkutano mkuu ukiridhia. Wakulima wa korosho mnajua faida ya utafiti: kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ndiko ulikochunguzwa ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, mkajua kupuliza salfa kwa wakati. Ardhi inayoubeba mkorosho haijapata Naliendele yake. Msianze na makubwa. Chagueni kata moja, tafuteni wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu Ardhi, walipieni nauli, chakula na malazi ya mwezi mmoja, wakusanye mauziano ya miaka mitano iliyopita bila majina ya watu. Wakimaliza, bei zibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kata, pale kila mtu anapopita.