Silikati za Rungwe: hesabu kwanza, jina baadaye

Kwenye uzamivu wa madini, kukariri makundi ya silikati, yaani madini yenye silikoni na oksijeni, ndiyo sehemu rahisi, hata kwa lava za Mlima Rungwe, volkano ya kusini mwa Tanzania. Uwiano wa silikoni kwa oksijeni ni 1:4 kwa olivini na garneti, 1:3 kwa pairoksini, 4:11 kwa amfiboli, 2:5 kwa maika, 1:2 kwa kwatzi na felspa. Kwenye maika na felspa jumlisha pia alumini iliyokalia nafasi ya silikoni, la sivyo uwiano hautimii. Kazi yenyewe iko kwenye sampuli na hesabu.

Mvua ya Tukuyu, mji ulio karibu na Rungwe, haina huruma na olivini. Chukua lava kwenye machimbo ya mawe au mito iliyokata mwamba, upasue hadi ndani kabisa, pasipo na ganda la kahawia. Chembe yenye ukingo mwekundu-kahawia imeshaanza kugeuka idingsaiti, yaani olivini iliyooza. Usipoteze muda wa mashine juu yake.

Slaidi ya mwamba, kipande chembamba cha kutazama kwenye darubini, isagwe hadi unene wa mikromita 30. Mafundi wengi hupima unene kwa rangi ya kwatzi, ambayo kwenye basalti za Rungwe usitegemee kuikuta. Tumia plagioklasi, aina ya felspa: chini ya polaraiza mbili (vichujio vya mwanga vya darubini vilivyopishana) iwe kijivu hadi nyeupe. Ikiwa njano, endelea kusaga.

Majibu ya maikroprobu, mashine inayopima kemia ya chembe kwa mwale wa elektroni, yakija, fanya angalau uchambuzi mmoja kwa mkono kabla ya kuamini programu. Tuseme olivini ina SiO₂ 39.19, FeO 18.75 na MgO 42.06 kwa asilimia ya uzito. Gawanya kila moja kwa uzito wa molekuli yake (60.08, 71.84, 40.30): unapata 0.6523, 0.2610 na 1.0437. Oksijeni ni 1.3046 + 0.2610 + 1.0437, yaani 2.6093, kwa sababu silika inabeba mbili. Fomula inataka oksijeni 4, kwa hiyo zidisha kila moja kwa 4/2.6093. Silikoni inatoka 1.00, chuma 0.40, magnesi 1.60. Kationi zote (ioni chanya, hapa silikoni, chuma na magnesi) ni 3 kama fomula inavyotaka: uchambuzi ni mzuri.

Jumla ya oksaidi za olivini ikiwa asilimia 95 badala ya karibu 100, ama chembe imeoza ama mwale umegusa ufa. Amfiboli ikileta 97 au 98, tulia. Mashine haipimi maji yake.

Pairoksini huhesabiwa kwa oksijeni 6, na kationi zinapaswa kuwa 4. Zikizidi kidogo, kuna chuma cha valensi 3, maana mashine inaripoti chuma chote kama FeO. Kwa nefelini (silikati ya sodiamu na alumini yenye silika kidogo) na felspa, sodiamu hukimbia mwale: tanua mwale hadi mikromita 5 au 10, na sodiamu ipimwe ya kwanza.

Na ukijikuta umeandika kwatzi na nefelini kwenye lava ileile, rudi kwenye darubini. Haziwezi kukua pamoja; zingeungana kuwa felspa. Zote mbili hazina rangi na zina mhimili mmoja wa mwanga, ila kwa alama ya mwanga inayopimwa kwenye darubini, kwatzi ni chanya na nefelini ni hasi.