Ukichaguliwa kamati ya msikiti, anza na daftari

Wengi wakiingia kamati ya msikiti hudhani kazi ni darsa na kumkaribisha mgeni wa mhadhara. Mimi nimekaa ukatibu wa msikiti hapa Mombasa miaka mingi, na yanayobisha hodi kila wiki ni pesa, maiti na mirathi. Imani yako itapimwa hapo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Basi nawe andika. Sadaka ya Ijumaa ihesabiwe palepale baada ya swala, mbele ya mtu asiye mwanakamati, na kiasi kibandikwe ubaoni siku hiyohiyo. Ya M-Pesa iingie kwenye laini ya msikiti, si ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu namna gani. Zaka nayo usiichanganye na hela ya ukarabati. Suratut Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahiki, na rangi ya ukuta haimo. Zakatul Fitri ndiyo ya mbio, kwani yatakiwa imfikie maskini kabla ya Swala ya Idi. Orodha ya nyumba za kupelekewa iwe tayari likianza kumi la mwisho la Ramadhani.

Msiba hauna saa. Weka sanda za akiba, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, na ujue mapema kibali cha mazishi kinapatikana wapi. Waoshaji wanaume hawakosi. Wanawake ndio wachache, na wengi ni bibi zetu waliokwisha choka. Tafuta mabinti wafundishwe sasa.

Mirathi ndiyo nzito kuliko yote. Hata arubaini haijafika, watakujia: "Sheikh, tugawie." Waeleze mpango wake bila haraka: gharama za mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na hili litamke mbele ya mashemeji, maana wao husahau upesi. Halafu wapeleke kwa Kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imeipa mahakama yake ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa naye. Karatasi yenye muhuri wa msikiti haihamishi hati ya shamba, na nimeona familia zikigombana juu ya karatasi za namna hiyo.

Matangazo yako yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alikuwa ameshachapisha magazeti ya Kiswahili mjini humu, na Kiarabu alikuwa nacho cha kutosha.

Uchaguzi ukikaribia, mazulia huja yenyewe. Sioni ubaya kuyapokea. Yaandikwe daftarini kama sadaka ya mtu yeyote, pasiwe na picha. Mheshimiwa akiomba dakika mbili za kusalimia waumini, mwambie mimbari ni ya khatibu, na watu atawakuta nje ya geti baada ya swala.