Barua kwa mwanangu: Picha ya Kagera

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mama yako barazani, yeye akisikiliza na kukung'uta mchele. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama uchukue fomu ya kugombea bunge la jimbo huko Texas, wewe ambaye ni wakili na tena kapteni katika kikosi cha ulinzi wa taifa (National Guard). Pili, kama nitakutumia ile picha yangu ya mwaka 1979, niliyopigwa Bukoba tulipotoka Uganda kwenye vita vya Kagera, uiweke kwenye mabango pembeni ya yako, wote wawili tumevaa sare, baba na binti. La kwanza nililijibu moyoni siku ileile. La pili ndilo lililoninyima usingizi, basi niruhusu nianze nalo.

Mwaka 1988 nilikuja likizo kijijini. Wewe ulikuwa hujatimiza mwaka. Siku ya pili tukaitwa kwenye mkutano wa habari za malipo ya korosho, na mimi nikaenda na kombati zangu na buti nilizozipiga rangi hadi zikang'aa. Katibu wa tawi akanivuta nikae meza kuu. Nikakaa, kifua mbele. Watu waliulizwa kama wana la kusema kuhusu malipo. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mkutano ukafungwa kwa makofi, nami nikarudi nyumbani nikimwambia babu yako kwamba kijiji chetu kina umoja.

Jioni akaja jirani yetu, mzee aliyenifundisha kupanda mkorosho nikiwa mdogo. Alikuwa anadai fedha za misimu miwili. Nikamuuliza, mbona hukusema pale? Akanitazama, akasema: "Ningesemaje, mwanangu, nawe umekaa pale na mabuti yako?"

Mama, mimi sikumtisha mtu siku ile. Sikusema neno hata moja. Lakini sare ilisema, na aliyesikia alikuwa yule ambaye hakuwa na kitu kingine ila mdomo wake.

Wewe umekulia wakati mwingine, kwa hiyo huenda hujui tulivyokuwa. Baada ya maasi ya Januari 1964, Mwalimu alivunja jeshi la zamani, na JWTZ ilipoanzishwa Septemba mwaka uleule vijana wengi walitoka umoja wa vijana wa TANU. Tangu hapo jeshi na chama vilikula sahani moja. Tulikuwa na makamisaa wa siasa vikosini, na ndani ya CCM majeshi yalihesabiwa kama mkoa kamili. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, tukaambiwa: mwanajeshi hana chama. Anayetaka siasa aache jeshi, anayetaka jeshi aache siasa. Jakaya Kikwete aliondoka jeshini akiwa Luteni Kanali, akabaki kwenye siasa, na mwaka 2005 akawa rais. Mimi nilikuwa sajini taji, nikaikabidhi kadi ya chama. Siku ile nilimkumbuka yule mzee, nikaona nimetua mzigo ambao sikujua nilikuwa nimeubeba.

Huko kwenu hawakukata kamba namna hiyo. Kwa maelezo uliyoniandikia, aliye kwenye utumishi wa kudumu haruhusiwi kugombea kwa tiketi ya chama, lakini ninyi wa wikiendi moja kwa mwezi na majuma mawili kwa mwaka mnaruhusiwa, na hata katiba ya Texas inayokataza mtu kushika nafasi mbili za umma imewaacha nje maafisa wa kikosi chenu. Kanuni ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inakuruhusu kutaja cheo chako na hata kuonyesha picha ya sare, mradi isiwe ndiyo picha kuu ya kampeni, iambatane na habari za maisha yako ya kiraia, na yawepo maandishi yanayoonekana wazi kwamba jeshi halikuungi mkono. Haya yote wewe unayajua kuliko mimi, ndiyo kazi yako. Mimi naongeza moja tu lisilo kwenye sheria: yale maandishi madogo chini ya bango, yule mzee wangu asingeyasoma. Angeona buti.

Na wapo wa namna yake katika eneo lako. Eneo hilo lina watu karibu 194,000. Wengine kati yao wamefika huko kutoka nchi ambazo mwenye sare akigonga mlango watoto hulazwa chini. Wengine wana ndugu mpakani, ambako kikosi chenu kimepelekwa tangu 2021 kwa amri ya gavana. Mtu huyo akiona sare kwenye bango, atakuletea shida yake? Au atapiga makofi na kurudi nyumbani kama sisi mwaka 1988?

Hapo kwenye mpaka kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, nami nadhani ulilikwepa. Operesheni ile imemeza zaidi ya dola bilioni 10, na fedha hizo hupitishwa na bunge hilohilo unalolitaka. Gavana ni amiri jeshi wenu mnapotumika kwa ajili ya jimbo. Jumatatu utamuuliza bungeni fedha zimekwenda wapi, Jumamosi utampigia saluti mkuu wako anayepokea amri kwake. Halafu kuna kile kifungu cha 88 cha sheria za kijeshi za Marekani kinachomkataza afisa kutoa maneno ya dharau dhidi ya rais, au dhidi ya gavana na bunge la jimbo alimo kazini. Najua hakikubani kila siku ya maisha yako. Lakini ulimi hauna kalenda, mwanangu. Anayezoea kuuma maneno wikiendi, Jumatatu nayo atayauma. Amua mapema: siku utakapotakiwa kupigia kura bajeti ya kikosi chako, utasimama ueleze wazi kwamba wewe ni mmoja wao, au utakaa kimya? Mimi ningesimama. Na ikibidi kuchagua, chagua kama tulivyochagua sisi, usingoje kuitiwa. Ukiitwa kwenye utumishi wa zaidi ya siku 270 utakuta masharti mengine kabisa, kwa hiyo ongea na mkuu wako sasa, kwa maandishi, kabla ya fomu.

Kuhusu uwakili nina maneno machache, ila yana uzito kwangu. Umesema mshahara wa mbunge wa Texas ni dola 7,200 kwa mwaka, na bunge hukaa siku 140 tu, kuanzia Januari ya kila mwaka wa witiri. Basi chakula cha wajukuu wangu kitaendelea kutoka ofisini kwako. Vizuri. Lakini umeniambia pia kwamba wakili aliye mbunge akiomba kesi iahirishwe kwa sababu ya vikao, hakimu kwa kawaida hana budi kukubali. Hapo nikaweka miwani chini. Watakuja watu wenye fedha, wasiohitaji akili yako wala kusoma kwako kote, wanaotaka jina lako liandikwe kwenye jalada ili kesi icheleweshwe. Na upande wa pili wa jalada hilo atakuwepo mjane, au kibarua aliyevunjika mkono, anayesubiri. Usiwapokee. Hata mwezi ambao pango la ofisi linakuchoma, usiwapokee. Nilikaa miaka mingi kwenye mabenchi ya mahakama ya mwanzo nikifuatilia mirathi ya babu yako, kila mara naambiwa njoo mwezi ujao, nauli inakwisha. Nakuomba hili kama baba.

Sasa lile la kwanza. Gombea.

Usiogope wanaokuambia hukuzaliwa huko. Siku ulipoapa uraia na kuirudisha pasi yetu, mama yako alilia jikoni, nami nilijifanya natafuta redio. Tuliumia. Lakini ukiwa umelipa gharama hiyo, sioni kwa nini uishie kuwa mpiga kura tu. Sharti lao ni raia, miaka 21, miaka miwili ndani ya Texas na mmoja katika eneo la uchaguzi. Yote unayo. Fomu ni dola 750, au saini 500 za wapiga kura. Mimi ningekushauri utafute saini hata kama fedha unazo, kwa maana kila saini ni mlango uliogongwa, na utajua shida za watu kabla ya kura za maoni za Machi.

Na ukigonga, vaa gauni lako. Waambie umewatetea wapangaji waliotolewa nje, waambie juu ya yule mama wa Kikongo uliyemsaidia kupata haki ya mshahara wake. Cheo kitaje ukiulizwa, kwa heshima, maana umekitolea jasho na sina haja ukifiche. Ila mtu akufungulie mlango kwanza, ndipo ajue una cheo begani.

Mama yako anasalimu, anauliza kama wajukuu wanakula ugali au ni mikate tu. Mdogo wako anakuja huko mwezi wa kumi. Picha ya Kagera nimeitoa kwenye fremu yake, nimeifunga kwenye kitambaa, atakuletea. Nyuma nimeandika majina ya wenzangu wawili waliosimama nami, ambao hawakuwahi kuzeeka vizuri kama mimi. Itundike sebuleni kwako.

Baba yako.